Tangi Moja, Kwenda na Kurudi

Sinia za plastiki zilianza kutoweka jikoni moja moja, na mwenye jiko hakusema kitu mpaka ya nne ilipoondoka. Hapo akatoka nje, kitambaa cha kufutia vyombo begani, akamkuta mumewe amepiga magoti kando ya gari anaibana sinia ya bluu juu ya rimu ya nyuma kwa waya.

"Hiyo nilipewa na dada yangu," akasema.

"Najua. Ndiyo iliyonyooka kuliko zote."

"Na wageni wakija niwaandalie kwenye nini? Kwenye tairi?"

Jirani aliyekuwa anaanika nguo alicheka mpaka akaangusha vibanio. Mumewe, Sponji, hakucheka. Kwa kawaida alikuwa mtu wa masihara, lakini likija jambo la gari lile alikunja uso kama mtu anayetafuta tundu la sindano.

Sponji halikuwa jina alilopewa na wazazi wake, ila lile la wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa fundi wa viti: viti vya magari, makochi ya sebuleni, hata kiti cha kinyozi wa mtaani alikivika yeye. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Upande mmoja ulijaa vipande vya sponji vya manjano mpaka darini, upande wa pili kulikuwa na cherehani nzito ya ngozi, na katikati palikuwa na njia ya kupita mtu mmoja, tena asiwe mnene. Ukimpelekea kiti kilichochanika hakurudishii kiraka, anakurudishia kiti. Sifa yake kubwa ilikuwa moja: haachi uwazi. Mshono wake ukiukagua kwa ukucha, ukucha unateleza. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alipenda kusema, ingawa maishani mwake hajawahi kujenga hata ukuta wa banda la kuku.

Sasa ufa aliokuwa anauziba ulikuwa mwingine. Mama mkwe wake aliishi peke yake katika mji wa mbali, mwendo wa saa nne kwa gari. Moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alisema hivyo bila kuzungusha, na miguu ilikuwa inavimba. Walimwomba ahamie kwao, akakataa. "Nije kufanya nini?" aliwauliza. "Kuwaangalia mkifunga mlango asubuhi mkienda kazini?" Jirani yake mmoja alimtazama siku za kawaida. Mwisho wa juma binti yake alikwenda, na Sponji ndiye aliyekuwa dereva.

Kisha mafuta yakaadimika. Mabasi ya kwenda kwa mama yakakoma, na mjini kwao kila gari likawa linajaziwa tangi mara moja tu kwa juma, kwa zamu. Tangi la gari la Sponji lilitosha kufika kwa mama na kurudi zaidi kidogo ya nusu ya njia. Huko kwa mama kulikuwa na pampu moja, na pampu yenyewe ilipata mafuta ilipotaka yenyewe. Wakawa wanafika Jumamosi, wanalala, wanaamkia foleni Jumapili, na mara mbili Jumatatu ikawakuta bado wako kwenye foleni. Mke wa Sponji alikuwa msimamizi wa jiko la hospitali, na Jumatatu ndiyo siku ya kupokea vyakula vya juma zima. Mara ya pili alipokosekana, mkubwa wake alimwita ofisini na kumwambia kwa upole, upole ule unaotisha kuliko makelele, kwamba mara ya tatu asijisumbue kurudi.

Basi safari zikakoma. Mama akabaki sauti ya kwenye simu. Kila alipokata simu, mke wa Sponji aliuinua uso kama mtu ambaye hana neno, akaenda kuosha sufuria zilizokwisha oshwa. Sponji aliliona hilo na lilimuuma. Hakuwa mjuzi wa maneno ya kuliwaza, ndivyo alivyoumbwa, kwa hiyo akaliendea gari. Hesabu ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Gari liweze kwenda na kurudi kwa tangi moja, au binti asimwone mama yake tena akiwa hai.

Rafiki yake wa karibu alikuwa fundi bodi wa karakana ya jirani, mtu mfupi mwenye sauti nene, aliyeitwa Nyundo. Nyundo ndiye aliyemwambia kwamba gari likikimbia, sehemu kubwa ya mafuta haiendi kwenye kulisukuma gari, inaenda kwenye kuusukuma upepo.

"Upepo hauna uzito," Sponji akabisha.

"Toa mkono dirishani ukiwa mwendo wa kasi halafu uniambie."

Sponji akautoa. Kiganja kikarudishwa nyuma kama kimeshikwa na mtu, akikilaza kinapita kama kisu. Tangu siku hiyo hakuliangalia gari kama gari. Aliliangalia kama kochi lililoshonwa na fundi mlevi. Kila mahali aliona mikunjo, mifuko na mapengo ambamo upepo uliingia ukakaa ukala mafuta yake.

Alichofanya kwanza kilikuwa cha akili, lazima asifiwe. Alikata nyuzi nyekundu fupi fupi, za urefu wa kidole, akazibandika kwa gundi ya karatasi gari zima, ubavuni, kwenye kioo cha nyuma, juu ya paa, mpaka likafanana na mbuzi mwenye manyoya machache. Kisha akamwomba Nyundo aendeshe gari lake mwenyewe sambamba na hilo la nyuzi kwenye barabara tupu, na mkewe aketi na Nyundo atazame. Uzi uliolala kimya ulimaanisha upepo unapita salama. Uzi uliocheza ulimaanisha hapo kuna vurugu.

"Zinacheza wapi?" aliuliza waliposimama.

"Kwenye magurudumu," mkewe akasema. "Na nyuma kabisa, pale paa linapokatika. Na juu, kwenye keria ya mizigo, huko ni ngoma tupu. Mmoja umeruka umekwenda zake."

Keria Sponji alijifanya hakuisikia. Magurudumu akayaziba kwa sinia. Nyuma, kwenye ukingo wa paa, akafunga kipande cha bati kilichotokeza kama ukingo wa kofia, ili upepo uliachie gari taratibu badala ya kulivuta. Chini ya tumbo, ambako mabomba na vyuma vilikuwa vinaning'inia ovyo, akatandika plastiki nene aliyoikata kutoka kwenye tangi la maji lililopasuka, akaiacha wazi upande wa sailensa, kwenye bomba la moshi, isije ikayeyuka. Alitaka pia kuvitoa vioo vya pembeni. Mkewe akamwambia akivitoa, mwenye kugeuza shingo njia nzima kumwangalizia nyuma atakuwa yeye abiria, na shingo yake haimo kwenye mpango.

Mtaa ulipata cha kusema. Watu waliokuwa kwenye zamu zao za mafuta walikuja kulitazama gari lenye sinia na kofia. Mmoja aliuliza kama na sufuria zitafuata. Sponji, aliyezoea kusifiwa, alichomeka mikono mifukoni akawaambia Jumamosi moja watamwona anaondoka asubuhi, na jioni ile ile watamwona amerudi, na aje kila mtu asome geji ya mafuta kwa macho yake. Neno likishatoka ndiyo limetoka. Nyundo akalipokea na kulitangaza, kwa sauti ile aliyonayo, kila kona.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mbele ya gari, kwenye grili, kulikuwa na matundu, na upepo uliingia humo kwa wingi kuliko popote. Fundi mwingine yeyote angeyaziba nusu. Sponji hakujua kuziba nusu. Alishona kifuniko cha ngozi ya bandia chenye bitana ndani, akakipima mara tatu, akakivuta kikakaa bila kunyanzi, na mshono wake ukucha uliteleza. Kilipendeza mno. Akaondoka nacho kwenda kukijaribu barabarani, na kabla hajafika mbali mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka juu na boneti inatoa mvuke. Ilibidi Nyundo amfuate na madumu ya maji.

"Gari linapumua, ndugu yangu," Nyundo alimwambia huku anakikata kile kifuniko kwa kisu, na kwa kweli alikikata kwa huruma maana kazi ilikuwa nzuri. "Siyo kochi hili. Kochi likikosa hewa halifi."

Sponji hakukata tamaa. Akaziba nusu ya chini tu, akajaribu tena. Akaiondoa robo, akajaribu tena. Akataka kujua kati ya kofia na sinia ni kipi kinachosaidia zaidi, kwa hiyo akavua kimoja akaenda, akarudi akakivaa, akavua kingine akaenda. Hayo yalikwenda juma baada ya juma. Kila zamu yake ya mafuta ilipofika alijaza tangi, na kila tangi lilikwisha barabarani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwenye kipande kile kile cha lami kisichokwenda kwa mama wala kwa mtu yeyote.

Siku moja jioni alirudi amefurahi. Mkewe alikuwa amekaa kizingitini, simu mapajani.

"Mama ameanguka bafuni," akasema. "Hakuvunjika. Jirani amemwinua."

Sponji akaketi kando yake. "Pole. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa nimeshapata..."

"Usiniambie Jumamosi ijayo." Hakupandisha sauti. "Tangu uanze, tungekwenda mara ngapi? Hata kwa kulala kwenye foleni. Hata mimi peke yangu, wewe ukabaki. Umeyachoma mafuta ya mama yangu ukitafuta namna ya kuyaokoa mafuta ya mama yangu."

Sponji aliona haya, haya ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

"Na kitu chenyewe ninakuonyesha tangu siku ya nyuzi," mkewe akaendelea, na sasa sauti ikapanda. "Umeziba magurudumu, umeziba tumbo, umenimalizia sinia. Ile juu umeigusa? Nyani haoni kundule!"

Ile juu ilikuwa keria. Nyundo ndiye aliyeichomelea, lakini mchoro ulikuwa wa Sponji, vyuma vinene vya kubebea makochi ya wateja, na mbele yake ubao uliosimama wima wenye maandishi mekundu: FUNDI VITI, TUNAKUJA ULIPO. Kwa ubao huo watu walimjua barabarani. Wapiga honi waliusoma, watoto waliusoma kwa sauti. Sponji alijua vizuri sana kwamba ubao unaosimama wima juu ya gari ni mlango unaousukuma upepo safari nzima. Alijua tangu siku ile alipotoa mkono dirishani. Alikuwa tayari kulivisha gari sinia mtaa mzima ucheke, lakini kulivua jina lake hakuwa tayari, na alikuwa amejificha nyuma ya majaribio asiambiwe.

Akainuka, akaenda kumwita Nyundo aje na spana. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, wakazikata kwa msumeno. Walipoishusha keria, ubao ukaegemezwa kwenye ukuta wa karakana, na paa la gari likabaki tupu na jeupe pale lilipokuwa limefunikwa.

"Wateja watakutambuaje?" Nyundo aliuliza.

"Wataulizana," Sponji akasema, na hakufanya mzaha wowote.

Jumamosi wakaondoka tangi likiwa limejaa. Mpango ulikuwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Sponji alikuwa ameuahidi mtaa, na mkewe, tangu aitwe ofisini, alikuwa amejaa hofu. Hata Jumapili kwake ilikuwa inaikaribia mno Jumatatu. Sponji aliendesha polepole, mwendo wa mtu anayebeba mayai, akiachia mafuta mapema kila alipoona mlima unaisha. Mkewe hakuangalia njia. Aliangalia mshale wa mafuta, njia nzima, kama mtu anayemchunga mtoto karibu na moto. Mshale ulikuwa unashuka, ndiyo, lakini ulishuka kwa adabu. Walipopita lile daraja ambalo zamani walilifika wakiwa nusu tangi, ulikuwa haujaigusa nusu. Walipoingia mji wa mama ulikuwa ndiyo kwanza unaigusa, na kwa juu.

"Umeona?" Sponji akanong'ona.

"Nimeona," mkewe akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo, akayafuta kwa kiganja akacheka. Akamshika mumewe bega na kulibana. Sponji alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Mama aliwapokea mlangoni, anajishikilia kwenye fremu. Alikuwa amepungua, gauni limemzidi mabega. Alimkumbatia binti yake kwa muda mrefu, kisha akamshika Sponji mikono yote miwili. Ndani alikuwa ameshawatandikia. Shuka safi ilikuwa juu ya kitanda cha chumba cha pili na mito imepangwa.

"Mama, ungejisumbua nini!" binti akasema. "Leo hatulali. Gari sasa linakwenda na kurudi kwa tangi moja. Hatuhitaji tena ile pampu yenu. Nitakuwa nakuja kila juma!"

"Kila juma," mama akasema. "Ni jambo jema sana hilo. Hongera, mwanangu." Hili la mwisho alimwambia Sponji. Kisha akaenda kwenye chumba cha pili na kuanza kuikunja ile shuka.

Binti alivua saa akaanza kazi. Alifua, akafagia, akabadilisha pazia la bafuni, akampigia daktari simu, akapanga dawa kwenye vikopo, akafunga kamba ukutani ya kujishikilia. Kila baada ya muda alichungulia jua limefika wapi. Sponji alikaa na mama sebuleni. Aliikagua mishono ya kiti alichokalia, akakiona kinahitaji sponji mpya.

"Nikuambie kitu," mama akasema kwa sauti ndogo, "usimfikishie mwenzako."

"Niambie, mama."

"Mlipokuwa mnakwama kwenye foleni, nilikuwa naomba ile pampu isipate mafuta. Nisamehe. Nilikuwa najua yuko mashakani na kazi yake, na bado naomba." Alikuwa anaiangalia mikono yake. "Mchana simpati. Mchana ananiuguza, msikie, hakai. Lakini asubuhi akiamka hapa, kabla hajakumbuka kazi, anakuja na usingizi wake machoni, anapanda kitandani kwangu, anaweka kichwa hapa. Hasemi kitu. Anakuwa mtoto wangu kidogo, halafu anaamka anakuwa muuguzi wangu tena." Akalinyoosha gauni magotini. "Basi ndiyo hivyo. Mmelitengeneza gari. Ni jambo jema."

Sponji alisema anakwenda kuangalia maji ya rejeta.

Alikaa kwenye kiti cha dereva mlango ukiwa wazi. Akazungusha ufunguo nusu, mshale ukapanda na kusimama juu ya nusu, imara. Ulikuwa ushahidi wa kila kitu: sinia, nyuzi, kofia, ngozi iliyokatwa kwa kisu, ubao ulioegemezwa ukutani. Mtaani walikuwa wanamsubiri. Na kwa kweli alitaka, alitaka sana, kuingia mtaa ule jioni ile taa zikiwaka, azime injini mbele yao aseme someni wenyewe. Mtu asimcheke kwa hilo. Ni mara ngapi mtu wa kawaida hupata kitu chake cha kuonyesha?

Simu ikalia. Alikuwa Nyundo, na nyuma yake zilisikika sauti za watu.

"Mmefika wapi? Tupo kwako hapa, tumekuja na viti kabisa!"

"Hatujatoka," Sponji akasema.

"Kwa nini? Kuna nini?"

"Mafuta yameniishia."

Kikatoka kicheko. Nyundo aliondoa simu mdomoni, akasikika akiwapa wenzake habari, na wote wakaangua kicheko hata simu ikakwaruza. Mmoja alipaza sauti akasema arudishe sinia za watu. Sponji aliwaacha wacheke mpaka wakashiba, akamwambia Nyundo amfungie karakana, akakata simu.

Mkewe alikuwa mlangoni pa jikoni anafuta mikono kwa kitambaa, mkoba umeshawekwa tayari mezani. Mama alikuwa amesimama kati yao, ameuegemea ukuta, tayari kuwaaga.

"Tutalala," Sponji akasema. "Mafuta yameisha."

"Yameisha?" mkewe akauliza. Mshale ule alikuwa ameuangalia yeye mwenyewe, njia nzima.

"Yameisha. Kesho mchana tutajua la kufanya."

Mkewe alimtazama. Akamtazama na mama yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa kuficha tabasamu kama msichana. Akakikunja kitambaa mkononi, na Sponji aliomba asiulize tena.

"Basi yameisha," akasema, akavua viatu.